Tochi Isiyo na Trafiki: Maswali Yenu Kuhusu Kuendesha Ugenini

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache kamera za barabarani za nchi za nje, na barua zilizofuata ni nyingi. Msimu wa safari umefika, watu wanakwenda kuwaona ndugu, kufuata mizigo, kuhudhuria harusi. Nimechagua barua chache zinazobeba maswali ya wengi. Kwa aliyeanza kusoma ukurasa huu leo: nafundisha udereva hapa Sinza, na kabla ya kushika chaki niliendesha malori kutoka bandarini kwenda Kigali na Lusaka, kisha nikawa dereva wa familia moja kule Muscat.

*

"Shikamoo Mwalimu. Nina duka la simu Kariakoo na mwezi ujao nafuata mzigo Dubai. Safari hii nataka kukodi gari, nizunguke mwenyewe, na siku moja nifike Abu Dhabi. Wenzangu wanasema kule kuna 20 za bure: kibao kikiandikwa 100 unatembea 120 na hakuna wa kukugusa. Ni kweli? Na nikipigwa picha nitajuaje wakati nakaa siku chache tu?" — Muuza simu, Kariakoo

Marahaba, mwanangu. Wenzako wamekupa nusu ya habari, na nusu waliyoiacha ndiyo itakayokula faida ya mzigo wako.

Ni kweli kwamba kamera za Dubai zimetegwa zisipige mpaka uzidishe kibao kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Kibao cha 100, kamera inaamka kwenye 121. Lakini huo ni upole wa kamera tu, sheria bado inasema 100. Jedwali la faini la Falme za Kiarabu lina kifungu cha anayezidisha hata chini ya 20, nacho ni dirhamu 300. Ukizidisha mpaka 30 ni dirhamu 600, mpaka 40 ni 700, mpaka 50 ni 1,000. Ukifika 60 ni 1,500 na gari linazuiwa siku 15. Juu ya 80 ni dirhamu 3,000 na gari linakaa ndani siku 60. Dola moja ni dirhamu 3.67, kwa hiyo picha ya kwanza tu ya Dubai, ile ya dirhamu 600, inakutoa dola 160 na ushee. Piga hesabu ni kava ngapi za simu hizo.

Sasa Abu Dhabi, ambako umesema unataka kwenda. Kule zile 20 zilifutwa tangu Agosti 2018. Kibao kikisema 140, na zipo barabara zilizoandikwa 140, basi ukigusa 141 umeingia kwenye mstari wa kamera. Na usitegemee kuona geti au askari pale unapotoka utawala mmoja kuingia mwingine. Barabara ni ileile, lami ileile, magari yanakimbia vilevile. Mtu anatoka Dubai na hesabu yake ya "kibao jumlisha 20", anaendelea nayo, na kila kamera anayoipita inamwandikia.

Kuna jingine la huko ambalo watu wetu hawalizoei. Asubuhi za miezi ya baridi ukungu hushuka mzito kwenye barabara za Abu Dhabi, na mbao za umeme juu ya barabara hubadilika zikaandika 80. Hiyo 80 ndiyo sheria ya saa ile, hata kama kibao cha chuma pembeni kimeandikwa 140. Ukiiona, shuka. Magari yamewahi kugongana kwa makumi kwenye ukungu ule.

Nitajuaje, umeuliza. Mara nyingi hutajua. Hapa kwetu ukipigwa tochi, trafiki anakusimamisha, anakuonyesha picha, mnazungumza. Kule picha inakwenda kwenye namba ya gari, namba inakwenda kwa mwenye gari, yaani kampuni iliyokukodisha, na kampuni inachukua fedha kwenye kadi uliyoweka dhamana. Wewe wakati huo uko Kariakoo unapanga mzigo, unaona ujumbe wa benki tu. Kampuni nyingi huongeza na ada yao ya usumbufu juu ya kila faini. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi, uliza mambo haya kwa mdomo na uone yameandikwa: dhamana inashikiliwa siku ngapi baada ya kurudisha gari, ada yao kwa kila faini ni kiasi gani, na mageti ya Salik yanayokata pesa yenyewe unapopita yatahesabiwaje. Siku ya kurudisha gari mwombe mhudumu aangalie faini kwa namba ya gari mbele yako. Polisi wa Dubai wanazo kwenye tovuti na kwenye programu yao ya simu, ni kazi ya dakika mbili. Halafu piga picha dashibodi na karatasi ya makabidhiano ikionyesha saa. Gari hilo jioni hiyohiyo linachukuliwa na mteja mwingine, na mwendo wake usije ukalipiwa na kadi yako.

Kibali cha kimataifa cha udereva kichukue hapahapa nyumbani kabla ya safari. Nchi inayotoa leseni ndiyo inayotoa kibali chake, huwezi kufika Dubai ukaomba kibali kwa leseni ya Tanzania.

*

"Habari za kazi Mwalimu. Nilikwenda Uingereza kwenye harusi ya mpwa wangu, Leicester. Dada akanipa gari lake nimalizie manunuzi. Juzi amenitumia kwa WhatsApp picha ya barua ya polisi: gari lilipimwa maili 41 mahali pa 30. Mume wangu ananiambia ninyamaze, mimi niko Dar, watanipatia wapi. Dada hajanilaumu hata kidogo, ila moyo haujatulia." — Mama wa Mikocheni

Dada yangu, moyo wako unakwambia kweli. Usinyamaze, na usiache jambo hili lilale hata usiku mmoja zaidi.

Barua ile haijaandikwa kwako. Imeandikwa kwa dada yako kwa kuwa yeye ndiye aliyesajiliwa kuwa mwenye gari. Polisi wa kule wanatakiwa kumfikishia mwenye gari taarifa ndani ya siku 14 tangu tukio, na yeye anapewa siku 28 kujibu swali moja: nani alikuwa anaendesha? Asipojibu, hilo linakuwa kosa jipya lililo zito kuliko lako. Kosa lako wewe, kwa mwendo ule, kwa kawaida ni faini ya pauni 100 na pointi 3 za makosa zinazoandikwa kwenye leseni. Kosa la kutomtaja dereva ni pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Mtu akifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu anaweza kunyang'anywa leseni, na hata kabla hajafika huko bima yake inapanda. Dada yako anaendesha kwenda kazini kila siku. Mume wako anaposema watakupatia wapi, anasahau kwamba aliyepatikana tayari ni dada.

Kwa hiyo leo umtumie jina lako kamili kama lilivyo kwenye leseni, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni na anwani. Kwenye anwani weka sanduku la posta ambalo kweli mnalifungua. Wengi wetu tunaandika S.L.P. ya ofisi tuliyoacha zamani, halafu barua inakaa huko mpaka muda wa kulipa unapita. Baada ya dada kujaza, polisi watakuandikia wewe, nawe utajibu kwa jina lako.

Kuna wazo ambalo dada, kwa upendo, anaweza kulileta: "Acha niseme nilikuwa naendesha mimi, yaishe." Mkatalie. Mwanasiasa mmoja wa Uingereza aliyekuja kuwa waziri, Chris Huhne, alipigwa na kamera mwaka 2003, na mke wake wa wakati ule, Vicky Pryce, akakubali pointi ziandikwe kwake. Miaka kumi baadaye, Machi 2013, wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja kwa kupotosha haki. Ilianza na pointi 3 tu.

Na wengine mnaokwenda huko mjue kilichomponza mama huyu, maana ni mtego wa kila Mtanzania. Uingereza inapima kwa maili. Macho yetu yamezoea kwamba mshale ukiwa 40 gari linatambaa. Lakini maili 41 ni kilomita 66 kwa saa, na 30 ya pale ni kilomita 48. Mshale wa gari la Uingereza ukigusa 50, wewe unakwenda 80. Halafu 30 yenyewe mara nyingi haijaandikwa popote: ukiona barabara ina nguzo za taa za mtaani na hakuna kibao kinachosema vinginevyo, basi ni 30. Wales wameishusha hadi 20 tangu Septemba 2023, na mitaa mingi ya London nayo ni 20, sawa na kilomita 32. Mtu aliyekulia Barabara ya Bagamoyo anaona nguzo za taa kama mapambo, kumbe zinamsomea sheria.

*

"Mwalimu, nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Ujerumani. Nimefurahi kwa kuwa nasikia huko barabara hazina spidi. Pia naomba unifafanulie: kamera inajuaje mwendo wako? Mjomba aliye Uingereza anasema hupunguza akiiona, lakini bado faini zinamfuata." — Mwanafunzi, Mabibo

Hongera sana, na nakuombea usome salama. Barabara zisizo na kikomo ni zile kuu zinazoitwa Autobahn, tena si zote. Sehemu nyingi zina vibao, na pasipo kibao mwendo unaoshauriwa ni 130. Nje ya hizo, barabara ya kawaida ni 100 na mjini ni 50.

Hapo kwenye 50 ndipo watakapokukamata. Ujerumani hawaandiki 50 unapoingia mji. Wanaweka kibao cha njano chenye jina la mji, basi. Jina hilo ndilo 50. Ukitoka, utaona jina lilelile limekatwa kwa mstari mwekundu, maana yake 50 imekwisha. Ufaransa ni hivyohivyo, ila kibao chao ni cheupe chenye ukingo mwekundu. Sisi hapa tunasoma "Karibu Chalinze" tukawaza mishikaki. Kule ukisoma jina la kijiji, mguu utoke kwenye mafuta kabla hujamaliza kulitamka. Ufaransa wana na kanuni ya mvua: barabara kuu ya 130 inakuwa 110 lami ikilowa, bila kibao kubadilishwa. Na Paris, mitaa karibu yote ni 30 tangu Agosti 2021.

Kuhusu kamera: nyingi hutumia rada. Zinarusha mawimbi, yanagonga gari yanarudi, na jinsi yanavyobadilika yakirudi ndivyo mwendo wako unavyojulikana. Nyingine hutumia mwanga wa leza, kama tochi anayoshika trafiki hapa kwetu. Mtu aliyefanya kamera hizi zienee Ulaya alikuwa dereva wa mashindano, Maurice Gatsonides wa Uholanzi, aliyeshinda Monte Carlo Rally mwaka 1953. Alitengeneza chombo cha kupima mwendo wake mwenyewe kwenye kona ili aongeze kasi, na chombo hichohicho kikawa cha kuwapunguza wengine. Uingereza mpaka leo kamera za aina hiyo zinaitwa Gatso.

Mjomba wako yeye amekutana na aina nyingine, inayopima wastani. Kamera ya kwanza inasoma namba ya gari na saa uliyopita. Kamera ya pili, kilomita kadhaa mbele, inasoma tena. Chukua mfano zimeachana kilomita 10 na ruhusa ni 80: unatakiwa utumie dakika saba na nusu. Ukifika kwa dakika sita umetembea wastani wa 100, hata kama ulipita mbele ya kamera zote mbili kwa 60. Kupunguza ukiiona kamera hakukusaidii chochote hapo. Uingereza, Italia na Austria zinazo, hasa kwenye barabara kuu na sehemu zenye ujenzi.

*

"Kuna kifaa na programu za simu zinazokuonya kabla ya kamera. Nichukue nikienda Ulaya?" — Dereva, Mbagala

Usichukue. Ufaransa kukutwa na kifaa cha kugundua rada ni faini inayoweza kufika euro 1,500 na kifaa kinachukuliwa. Ujerumani dereva anayetumia programu inayoonya kamera akiwa njiani analipa euro 75. Utatozwa faini kwa kifaa ulichonunua ili ukwepe faini.

*

"Mwalimu, unawatetea mno. Kamera ni mradi wa kukusanya hela tu. Wazungu wanatuvizia huko, na hapa trafiki anavizia nyuma ya mkorosho mahali ambapo kibao kiling'oka zamani. Mbona hilo huliandiki?" — Mzoefu wa Morogoro Road, Kimara

Naliandika leo, kaka, kwa sababu una hoja na sitaki niipite juu juu.

Pasipo na kibao, kumtoza dereva ni dhuluma. Kibao kilichong'oka kirudishwe kwanza, kisha tochi ije. Uingereza kamera zisizohamishika hupakwa rangi ya njano ili zionekane kwa mbali, na Ufaransa huwekwa kibao cha kukutahadharisha kabla ya kamera nyingi zilizosimikwa. Mwenye nia ya kuvizia hatangazi alipo. Ningependa kuona hilo hapa kwetu: nguzo ya kamera iliyopakwa rangi pale Vigwaza, inayoonekana na kila mtu, mchana na usiku.

Nimeitaja Vigwaza kwa makusudi. Siku moja asubuhi nilisimama pale kununua maji nikiwa na mwanafunzi wangu wa udereva. Watoto wa shule walikuwa wamejipanga ukingoni mwa lami, sare za bluu na nyeupe, mmoja ameshika dumu la maji la lita tano na mwingine amemshika mdogo wake mkono. Kibao cha 50 kipo, kizima, kinasomeka. Magari yaliyotoka upande wa Chalinze yalikuja polepole, nikafurahi, mpaka nikaona sababu: madereva walikuwa wamewashiwa taa na wenzao kwamba mbele kuna trafiki. Basi moja la abiria likakutana na gari lililowasha taa mara mbili kwa maana nyingine, kwamba njia ni nyeupe, trafiki ameondoka. Nilisikia injini ikibadilika sauti palepale. Watoto walikuwa bado hawajavuka. Yule mwenye dumu alirudi hatua mbili nyuma, dumu likagonga goti la mdogo wake.

Hilo ndilo linaloniuma kuhusu udereva wetu, na ndilo linalotuponza tukienda nje. Tumefundishana kumsoma trafiki badala ya kusoma kibao. Tumejenga lugha nzima ya taa na mikono ya kuambiana alipo na aliporudi. Ukiipeleka lugha hiyo Muscat au Lyon haina wa kuzungumza naye. Kamera haiamkiwi, haina njaa, haichoki saa saba mchana. Dereva aliyezoea kuongozwa na kibao anaendesha nchi yoyote bila hofu, na anayeongozwa na woga wa askari atalipa kila anakokwenda.

Na namba zenyewe, kaka, hazibishaniwi. Kwa 50 gari linakula mita 14 kila sekunde. Kwa 80 linakula mita 22. Sekunde moja ya kushtuka, kabla hata hujagusa breki, imekuongezea mita nane, na upana wa lami anayoivuka yule mtoto haufiki hapo. Nguvu ya kugonga haiongezeki kwa kiasi kilekile cha mwendo, inaongezeka kwa mraba wake, kwa hiyo 80 inapiga kwa nguvu mara mbili na nusu ya 50. Sheria yetu imeweka 50 kwenye maeneo ya makazi kwa sababu hiyo, na nchi nyingi zimefika kwenye namba hiyohiyo.

Kwenye fedha nitakuunga mkono kwa jambo moja. Faini yetu ya shilingi 30,000 anailipa mwenye IST ya mkopo, ikamkosesha mafuta ya wiki, na anailipa mwenye V8, akaisahau kabla hajafika Kibaha. Finland wanakadiria faini kubwa za mwendo kwa kipato cha mtu. Mwaka 2002 mkurugenzi wa Nokia, Anssi Vanjoki, aliyekutwa na pikipiki yake akienda 75 mahali pa 50 jijini Helsinki, alipigwa faini ya euro 116,000, ingawa baadaye ilipunguzwa baada ya kukata rufaa. Mimi naona utaratibu huo una haki ndani yake, na ningefurahi wabunge wetu waujadili.

*

"Shikamoo. Likizo hii tunakwenda Kigali na gari letu, mimi, mke wangu na watoto, tunapitia Rusumo. Nimesikia kuna kamera kila kona. Nijiandae vipi?" — Baba Watoto, Mbezi

Marahaba, baba. Kamera zipo kweli, mpaka Wanyarwanda wamezipa jina la mtu, wanaziita Sofia. Vibao utakavyokutana navyo sana ni vya 40, 60 na 80, na vinabadilika ndani ya mwendo mfupi, hasa ukikaribia senta na shule. Watu wa Kigali wanatembea taratibu na hakuna atakayekupigia honi kwa kufuata kibao, kwa hiyo jiunge nao.

Lakini mimi nikuambie ukweli, kamera si jambo la kwanza la kuogopa kwenye safari hiyo. La kwanza ni kwamba ukishavuka daraja la Rusumo unahamia kulia. Usukani wako uko kulia pia, maana yake umekaa upande wa ukingo wa barabara na huoni lori lililo mbele yako linaficha nini. Kutoka Rusumo hadi Kayonza ni vilima na kona. Mkeo aliyekaa kushoto ndiye anayeona mbele, na madereva wengi huwageuza wake zao kuwa jicho: "Nipite?" Usimbebeshe mzigo huo. Kaa nyuma ya lori, acha nafasi kubwa, furahieni migomba. Kwenye kipilefti unazunguka kwa kulia, kinyume cha ulivyozoea Mwenge, na gari lenye haki linatokea kushoto kwako. Asubuhi ya siku ya pili ndiyo mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza uko macho, ya pili mazoea yanarudi na unatoka kituo cha mafuta ukashika kushoto. Nilikuwa nabandika karatasi kwenye kioo yenye mshale wa kulia, nikaiacha mpaka narudi Benako.

Bima yako ya hapa haikulindi kule bila kadi ya njano ya COMESA. Ichukue Dar, kwa kampuni yako ya bima.

*

"Mwalimu, mimi naenda Mombasa na Nairobi kupitia Horohoro na Prado yangu. Kenya ni kama hapa tu, au kuna cha kujua?" — Msomaji, Kigamboni

Upande wa barabara ni uleule wa kushoto, na mijini na kwenye masoko ni 50 kama hapa. Gari dogo linaruhusiwa 100 kwenye barabara ya kawaida na 110 kwenye ile ya njia mbili zilizotenganishwa, pasipo kibao cha chini ya hapo. Faini zao zimepangwa kwa ngazi tangu 2016: kuzidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Ukizidisha zaidi ya hapo unakwenda mahakamani, na mahakama itakulaza Voi wakati mkutano wako uko Nairobi. Kadi ya njano nawe unaihitaji.

Umetaja Prado, na Prado nyingi za Dar nimeziona zimevalishwa matairi makubwa kuliko yaliyokuja nayo. Gari likitoka kiwandani mshale wake hutengenezwa usionyeshe chini ya mwendo halisi. Aghalabu unazidisha kidogo, kwa hiyo ukisoma 100 huenda unakwenda 96. Tairi kubwa linageuza hesabu hiyo: kila mzunguko mmoja unakupeleka mbali zaidi, mshale haujui, na unaposoma 100 unaweza kuwa unakwenda 105 au zaidi. Kwa ngazi za Kenya hiyo ndiyo tofauti ya onyo na faini. Ukishapita Msata ukapata kipande kilichonyooka kisicho na makazi, mpe aliyekaa kushoto simu yenye GPS, wewe shika 80 kwenye mshale, yeye asome simu inasema ngapi. Mfanye tena kwa 50. Tofauti mtakayoipata iandike kwenye kipande cha karatasi, ibandike chini ya mshale, ndipo mwendelee na safari ya Segera.